Hesabu ya Mfua Jezi

Jumapili asubuhi waliniletea gunia.
Nikahesabu kumi na nane, na moja vipande viwili.
Namba tisa. Ya Nandonde.
Shingo imeachana na bega mpaka kwapani,
na mpasuko ule si wa kuvutwa na beki.
Beki huvuta kwa nyuma, huchana mgongo.
Hii imekamatwa kifuani, kwa mikono miwili,
na mtu aliyekuwa akimtazama usoni.

Mimi uwanjani siendi.
Mechi naisikia kutoka huku Mtanda, kwa kelele:
bao letu hupanda kilima, hufika bado la moto;
la wenzetu halifiki,
kinachofika ni kimya, halafu pikipiki za watu wanaowahi kwao.
Jumamosi kimya kilifika mara tatu,
na katikati yake kelele moja iliyokatika njiani
kama mtu aliyepaliwa.

"Penalti," akasema mjukuu wa Mwanahawa, aliyebeba gunia.
"Ilikuwa ya Chinguile. Nandonde akampora mpira mkononi.
Akapaisha. Umeokotwa kwa fundi baiskeli, nje ya ukuta."
"Na ndani?"
"Ndani walipigana, bibi. Kocha alifunga mlango,
akakaa nje juu ya ndoo, akala karanga."

Mechi tisa hawajashinda.
Miezi mitatu mshahara wao unaitwa "wiki ijayo".
Njaa ya wengi haina udugu:
kila mmoja hutega sikio kwenye tumbo la mwenzake
asikie kama linalia tofauti na lake.
Nandonde anasema nahodha ana bahasha ya katibu.
Nahodha anasema Nandonde anachezea jina lake, timu haijui.
Mimi nawadai ujira wa magunia kumi na moja,
na sabuni ya mche haina habari na ligi.

Maji ya kisima chetu ni ya chumvi, povu halitoki upesi.
Unasugua, unangoja, unasugua.
Hapo ndipo unapowajua watu.
Jezi ya golikipa haina tope; basi tunafungwaje tusifungwe?
Winga wa kushoto anafutia kamasi mkono wa kulia.
Namba sita, ya Chinguile, ina damu kwenye ukosi,
na si yake. Yake huwa ya magotini, siku zote.

Na katika suruali yake ya mazoezi, mfuko wa zipu,
nikakuta tiketi ya basi. Dar. Jumatatu, saa kumi na mbili alfajiri.
Moja. Ya kwenda.

Kwa hiyo bahasha hakuna.
Kuna kitu kibaya kuliko bahasha,
na Nandonde amekinusa bila kukijua jina.
Ningeweza kumwita. Anakaa hapo chini, Rahaleo,
kwa shangazi yake muuza mihogo.
Nikaianika tiketi juu ya mfuniko wa sufuria.
Wino ulikuwa umekimbia. Ikabaki tarehe.

Uzi wa dukani haukukishika kitambaa kile.
Nikashona kwa uzi wa gunia la korosho,
wa kahawia juu ya kijani,
kovu la kuonekana mpaka jukwaani.
Aulizwe.

Jumatatu, jogoo hajamaliza, mlango ukagongwa.
Chinguile, begi begani, jicho la kushoto limeumuka kama andazi.
"Nimefuata nguo zangu, mama."
Nikampa suruali. Akapapasa mfuko,
akaitoa ile karatasi, akaigeuza pande zote mbili.
Hakuniuliza. Sikumwambia.
Kisha akaiona namba tisa kwenye kamba,
akaugusa mshono kwa kidole gumba,
palepale alipokuwa amekamata.
"Imekauka?"
"Kwapani bado."
"Nipe hivyohivyo."

Akaikunja vizuri kuliko alivyoikunja yake.
Akashuka. Chini pale njia hugawanyika:
kushoto stendi, kulia uwanja.
Chai yangu ikaanza kufurika jikoni,
nikaingia ndani.