Arobaini na Tano

Kaka yangu Arcesio alikuwa kuli bandarini Buenaventura.
Kila mwisho wa mwezi alirudi Cali kwa basi la usiku,
mgongo unamuuma, santuri mbili tatu kazikumbatia kifuani
kama mtu aliyebeba trei ya mayai.
Mabaharia walimuuzia kwa bei ya chupa.
Nyingine hazikuwa na kasha. Moja haikuwa hata na jina:
karatasi ya katikati ilishabanduka,
pamebaki nusu ya herufi
na duara la kikombe cha kahawa.

Hiyo ndiyo niliyoipenda.

Zipo nyingine, sisemi hazipo.
Upo ule wa redioni, mama akipiga pasi Jumapili,
mvuke na fidla vikipanda pamoja.
Upo wa saluni ya Edilma, siku niliyokata nywele nikajuta.
Lakini hizo nazikumbuka kwa masikio.
Ile nyingine naikumbuka kwa magoti.

Gramafoni yetu ilikuwa na swichi ya kasi:
thelathini na tatu, arobaini na tano.
Santuri ile ilikuwa ya thelathini na tatu.
Ila mtaani Obrero, mwaka ule, nani alikuwa na subira?
Tulisukuma swichi, tarumbeta zikapiga chafya,
ngoma zikafukuzana kama kuku waliomwagiwa maji,
na mwimbaji akawa na sauti nyembamba
ya mtoto aliyeficha peremende mdomoni.
Maneno yalipita mbio. Tuliambulia mawili tu:
"maji", na "Jumanne".
Yalitutosha.

Fanor, mtoto wa fundi viatu, alipaka vyake chaki
vikawa vyeupe kuliko meno yake.
Miguu yake haikukanyaga sakafu, iliionja.
Na katikati ya wimbo palikuwa na mkwaruzo,
sindano inaruka, nasi tunaruka nayo,
sebule nzima, hewani, kwa mara moja,
hata mitaa ya jirani ikadhani ni mtindo mpya
ikaja kujifunza.

(Fanor alimwoa Ofir wa duka la mikate.
Hiyo si habari ya wimbo huu.)

Tumemzika Arcesio mwezi wa pili.
Mjukuu wangu Yeison akazitoa santuri chini ya kitanda,
akazipangusa kwa fulana, akaleta mashine yake mpya.
"Bibi, hii ni ya thelathini na tatu," akasema,
na kabla sijamkataza akaiweka.

Akatoka mwanamume.
Mtu mzima, sauti nzito,
inakwaruza kama kiti kinachovutwa katika chumba kitupu.
Hana haraka. Kila neno analiweka chini kwa mikono miwili:
walikuja kumchukua Jumanne,
maji ya kahawa yake yalikuwa bado hayajachemka,
nikayaacha yachemke, nikayaacha yakauke,
sikujua nimmiminie nani.

Hamsini na mbili, ndiyo miaka yenyewe.
Kumbe tulikuwa tukicheza kwenye matanga ya mtu,
kwa viatu vyeupe.

Nilikuwa nimekaa, bakuli la maharagwe mapajani, nachambua.
Sikusema kitu. Nilimsikiliza anavyoukaribia ule mkwaruzo,
polepole, mbali mno na pale nilipouzoea,
na mwili wangu ukangoja,
ukangoja.
Akaanza kumwita kwa jina, huyo mwanamke wake,
nikasikia midomo ikijiandaa, pumzi ikivutwa,
na sindano ikaruka.

Nami nikaruka.

Maharagwe yakatawanyika hadi chini ya kabati.
Yeison akacheka, kisha akaniona uso, akanyamaza,
akapiga magoti kuyaokota moja moja.
Jina lenyewe mpaka leo silijui.
Pale lilipokuwa pana alama ya kucha,
na viatu vyetu vyote.