Spana Namba Kumi na Tatu

Baba hakununua bolti. Alizikata mwenyewe
kutoka mabaki ya nondo, chuma kwenye jiliwa,
hesi akizipima kwa ukucha wa kidole gumba.
"Kila mashine ina damu yake," alisema,
na kweli, nati ya mashine ya Ahero
haikuingia kwenye mashine ya Awasi,
kama funguo za wake wenza,
haziazimani.

Basi mahindi yalipokauka walimjia hapa Kibuye,
kutoka Luanda, kutoka Butere, kutoka Sondu,
mashine za kupukuchulia zimefungwa kamba kwenye mikokoteni.
Wakaketi juu ya madebe ya rangi, wakangoja mikono yake.
Alipenda kungojwa.
Nasema hili bila kumvunjia heshima.

Alipofariki, mashine thelathini na saba zilifiwa.
Si mimi niliyezihesabu. Walizihesabu wenyewe matangani,
kati ya chai na wimbo,
na mama mmoja wa Yala, Abuto jina lake,
akakunjua leso, akatoa nati iliyolika meno,
akaniuliza jeneza likiwa bado liko wazi:
"Na hii sasa, nitaifunga kwa nani?"

Sikumjibu.
Jumatatu nilikwenda dukani kwa Jitendra.
Sikuuliza bolti iliyo imara zaidi, wala iliyo nzuri.
Niliuliza: ipi unauza hata siku ya mvua?
Akasukuma kisanduku kwa kiwiko, macho kwenye daftari.
"Ya nane. Spana kumi na tatu.
Vitanda, viti vya kanisa, mageti, keria za baiskeli.
Hiyo ni kama chumvi, dada."

Nikarudi, nikaivua mashine ya baba hadi mifupa.
Bolti za aina kumi na moja!
Miguu ina yake, kifuniko kina yake,
ngoma inayozunguka ina tatu zisizosalimiana.
Nikachora upya kwa chaki sakafuni:
ya nane hapa, ya nane pale,
ya nane kutoka unyayo hadi utosi,
beringi ya pikipiki, belti ya kinu cha posho.
Ogutu, kaka yangu, alisimama mlangoni na muwa wake.
"Umemtoa mzee rohoni mwa chuma," akasema,
akatema kapi, akaenda zake.
Usiku ule sikulala vizuri.

Novemba, simu kutoka Kapsokwony, mlimani.
Ndiema. Mashine inalia kama mbuzi, alisema,
na magunia arobaini yako uani, na wingu linashuka.
Nikamwambia afungue. Una spana?
"Ninayo moja tu, ya baiskeli."
Ina namba gani?
Kimya. Nikasikia akiipangusa kwenye suruali.
"Kumi na tatu."
Nikamwambia asome ubavu wa beringi, polepole.
"Sita. Mbili. Sifuri. Tatu."
Iko Kimilili, nikasema. Iko Chwele.
Iko popote ambapo pikipiki huugua.

Kesho yake, saa nane, alinipigia tena
na hakuzungumza. Aliinua simu tu,
nikasikia punje zikigonga bati, nyingi, nyingi,
halafu akakata.
Hakusema asante. Alikuwa na kazi.

Madebe ya rangi yako palepale.
Hakuna anayeketi.
Kuna asubuhi nazipanga bolti zangu, zote sura moja,
na natamani mtu aje na tatizo lenye jina langu.

Mashine ya Mama Abuto nimeitoboa upya matundu yote.
Inafanya kazi Yala, na mjukuu wake ndiye fundi.
Bolti moja ya baba niliibakiza.
Kichwani ina mikwaruzo mitatu ya tupa, alama yake,
iko kwenye ubao wa mlango, haishiki chochote.
Jioni kabla ya kufunga huwa naijaribu.
Kumi na mbili haiingii.
Kumi na tatu inacheza.