Hatua Tatu Nyuma

Barua ilifika Jumanne, mvua ikipiga mabati ya Kadutu,
imeletwa na kijana wa pikipiki aliyetaka kwanza nitie sahihi
kwamba nimepokea kitu nisichokijua bado.
Karatasi mbili. Muhuri wa jimbo, wa buluu.
Nilisoma nimesimama. Kisha nikakaa.

Miaka kumi na mmoja tumeshona mashuka ya hospitali
kwa neno la mdomo na kaye ya kurasa mia:
arobaini, wodi ya wazazi, yamelipwa nusu.
Nusu ya pili ilikuja na msimu wa maharage, au haikuja,
na Jumatatu cherehani ziliamka vilevile.

Sasa wanataka proforma tatu, namba ya kodi,
akaunti benki yenye dhamana ya dola elfu tano.
Elfu tano!
Sanduku letu lina faranga chakavu
na ufunguo wa mlango uliokwisha kung'olewa.
Na kwa kila mfanyakazi: mkataba,
mchango wa uzeeni mwezi kwa mwezi,
na cheti cha daktari kuthibitisha kwamba mhusika
ni mzima wa viungo.

Mstari huo niliurudia.
Chama chetu kilianzishwa na wasio wazima wa viungo.
Nsimire, polio ilimchukua miguu kabla hajajua kutembea;
huzungusha gurudumu kwa mkono wa kulia,
huongoza kitambaa kwa wa kushoto,
na mwisho wa kila upindo hurudi nyuma hatua tatu za sindano,
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Sitadanganya, amri ile haikuzaliwa bure.
Mwaka juzi mtu aliiuzia hospitali magodoro mia mbili,
nje kitambaa cha maua, ndani majani ya migomba,
akalipwa taslimu, akajenga ghorofa Muhumba.
Palipoibwa hujengwa ukuta.
Ila ukuta haujui nani mwizi, nani jirani.

Na nilipopiga chapa mikataba, Cibalonza aliushika wake
kwa ncha za vidole, asiuchafue.
"Jina langu kwa mashine," alisema,
akaomba nimsomee tena, polepole, hata tarehe.
Hilo nalo nilileta mimi. Hilo nalo lililetwa na barua.

Mikataba saba. Michango haikumfikia wa nane.
Walikuwa kumi na wanne.

Nani alichagua? Mimi, Zihindula, karani,
usiku umeme umekatika, tochi ya simu mdomoni,
rula na biro nyekundu.
Nsimire sikumwacha ndani. Nilijiambia ni miaka yake sitini na mmoja.
Nilijiambia mambo mengi usiku ule.
Yeye alisema moja tu:
"Mkasi hausahau, ni kitambaa kinachosahau,"
akashuka ngazi za udongo, gongo moja baada ya jingine,
na sikujua kama ameniapiza au ameniaga.

Zabuni tuliikosa hata hivyo.
Nakala ya tatu haikuwa na muhuri.
Ilishinda kampuni ya Nguba yenye gari na kiyoyozi,
wafanyakazi wanne kwenye orodha,
wote wana cheti.

Mwezi wa tisa mama yangu akalazwa.
Nilikuwa namgeuza upande wa dirisha
mkono ukapita juu ya upindo wa shuka.
Ukasimama.
Hatua tatu nyuma.
Nikafunua ukingo wa kitanda cha pili,
na cha tatu, mgonjwa akanitukana,
hatua tatu, hatua tatu.

Nilimkuta kizingitini kwake, gurudumu likizunguka,
rundo jeupe limefika kiunoni.
"Faranga mia tano kwa shuka," alisema kabla sijauliza.
Sisi tulimpa elfu mbili, tulipokuwa nazo.
"Wanapitia jioni. Hawaandiki kitu."

Nilikuwa na kaye mkononi. Niliifungua, nikaifunga.
Akakata uzi kwa meno.
"Mama yako," aliuliza, "amelalia yapi?"