Mpiga Piano wa Sinema, Aalborg, 1912

Picha haina sauti; sauti ni kazi yangu.
Krona mbili kwa usiku, na taa ndogo ya kusomea noti.

Kwenye pazia, babu anainua glasi.
Mdomo wafunguka, neno halitoki.
Kisha maandishi meupe: MIAKA ISHIRINI BAADAYE,
na mwanawe ameishika glasi ile ile
kwa vidole vinne, cha mwisho kimejitenga
kama cha babaye.
Mwigizaji ni mmoja, wamembandika ndevu tu.
Viti vya mbele wanacheka.
Mimi nakosea noti.

Nakijua kidole kile.
Baba, Severin, fundi mapipa,
alikinyoosha hivyo hivyo, kwa adabu,
kabla ya kuipindua meza.
Kaka yangu Aksel naye.
Hakufundishwa na mtu.
Mwana hutazama kisogo cha nina;
sisi tulitazama mkono.

Sehemu ya tatu: mjukuu ametumwa bia.
Anarudi na jagi, njia nzima analamba povu.
Hapa Bwana Lauritz ameniandikia kwa penseli:
"Huzuni. Polepole."
Napiga polepole.
Mama mmoja nyuma anapenga kamasi,
na mumewe, nasikia, anafungua kichupa.

Jana asubuhi nilimmiminia Esben maziwa.
Ana miaka saba. Akakamata kikombe,
na kidole, taratibu, kikaondoka peke yake.
Sikusema kitu.
Nilimpokonya kikombe, nikampa bakuli,
lile zito la udongo,
lisiloshikika ila kwa mikono miwili.