Tamko la Mwaka

Barua imekuja kwa jina la marehemu.
Jiji la Toronto linamuuliza mama
kama mwaka jana nyumba yake ilikaliwa.

Mimi ni Deolinda, bintiye, mshika ufunguo,
na sasa mshika kalamu.
Fomu haina maneno mengi:
miezi sita, alilala mtu humu au hakulala?
Hata anayelala kwake kila usiku sharti aseme.
Usiposema, kimya chako kinaandikwa: tupu.
Na utupu una bei,
dola tatu kwa kila mia ya thamani ya nyumba,
si thamani uijuayo wewe, ni ile waliyoipanga wao.

Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha.
Elfu ishirini na saba.
Baba alimwaga zege miaka minne
kwenye njia za treni chini ya ardhi
kabla hajaziona pesa hizo zikiwa pamoja.

Kaka yangu Hermínio kapiga simu kutoka Winnipeg:
"Tega taa, iwake saa kumi na mbili, izime saa nne.
Sema yupo binamu. Nani atagonga?"
Wanagonga, Hermínio. Wanataka bili ya umeme,
wanataka mkataba, wanataka jina la binamu.
Na maji yote ya nyumba hii ni mimi tu,
Jumamosi, nikifungulia bomba dakika tano
lisipasuke kwa barafu.

Wapo wanaosamehewa:
aliyelazwa, anayekarabati kwa kibali,
aliyeuza na hati ikahama.
Hata aliyekufa. Ila jiji
limeupa msiba tarehe ya mwisho,
na wangu ulikwisha Desemba.

Nashuka jiko la chini. Mapipa ya divai ya baba
yamekauka, mbao zimeachana.
Aproni ya mama bado ina pini tatu.
Nyumba njema si mlango, husemwa.
Mimi nimekaa mlangoni miaka mitatu.

Ng'ambo ya barabara kijana Tenzin
analala garini, vioo vimejaa mvuke,
viatu vya kazi juu ya dashibodi.
Kila Jumamosi hunipungia mkono,
nami humpungia, nina vyumba vinne mfukoni.

Nimetia alama kwenye "hapana".
Nitalipa, kwa mafungu, kwa kunung'unika.
Kisha nimevuka barabara, aproni bado mkononi,
nikagonga kioo.
Sijui nianze na lipi: pango,
au kwamba bomba la juu
hutoa kutu kwanza, halafu maji.