Vigae

Mimi ndiye niliyezitupa. Niseme mapema
kabla wifi hajawasimulia kwa madaha yake.
Maboksi matatu chini ya ngazi, yameandikwa VIGAE
kwa mkono wa marehemu mkwe wangu,
mtu ambaye hakuwahi kubandika kigae popote.
Nikayaburura hadi uchochoroni Jumatatu usiku,
Winnipeg ikiwa nyuzi thelathini chini ya sifuri,
ile baridi ya kugandisha kope.

Alfajiri mavyaa akaingia jikoni.
Hakupaza sauti. Aliuliza tu,
kama anayeuliza chumvi iko wapi:
"Santuri za babake Idarusi umezihamishia wapi?"

Kuna maswali ya kumvalisha mtu viatu.
Hili halikuningoja nivae.
Nilitoka na ndara, kanga juu ya koti,
koti juu ya gauni la kulalia,
na lori la taka limeshaling'ata boksi la kwanza.

Nilisikia.
Mlio wa biskuti kavu
kinywani mwa mtu asiye na haraka.

Nikaupiga ubavu wa lori kwa viganja vyote viwili.
Dereva, Mfilipino, kifuani ameshonewa RODEL,
akazima mashine, akazitazama ndara zangu,
akateremka.
Akanishikia tochi, nami nimechutama thelujini
nahesabu migongo ya majalada
kwa vidole visivyojua tena kuhesabu.
Maboksi mawili. Sahani sitini na nane.

"Usiziingize kwenye joto," akafoka jirani Hrynchuk
kutoka dirishani, fundi wa kodiani huyo, hana salamu.
"Leo barazani. Kesho ukumbini. Keshokutwa ndipo meza."
Mwaka niliofika mimi
hakuna aliyenipangia ratiba hiyo.

Machi akaja mnunuzi kutoka Toronto, na glavu nyeupe.
Akazipekua, akazipekua, akasita kwenye moja:
lebo nyekundu, imechapwa Nairobi, nakala chache mno.
Akataja bei. Bei ya gari;
gari kuukuu, lakini linalowaka Januari.
Mavyaa akaigeuza upande wa pili.
"Hii? Hii nilikuwa nafunikia wali."
Hakuuza. Hakukataa pia.
Alimmiminia chai hadi mgeni akaanza kuuliza
iliki hiyo inanunuliwa wapi.

Usiku ule tukaipiga.
Ubeti wa pili sindano ikaruka,
na mavyaa, anayekunja nguo, akaruka nayo,
na mume wangu chumba cha pili akaruka nayo,
pumzi moja, kama wavukao mtaro wanaoujua.
Nikamuuliza neno gani limo mle.
Idarusi akasimama na soksi mkononi.
"Kumbe pana neno?"

Boksi la kwanza hakuna aliyelitaja.
Aprili theluji ilipolegea
niliokota uchochoroni robo ya sahani,
mifereji yake mizima, ukingo kama wembe.
Ndicho kigae pekee
kilichowahi kutoka katika maboksi yale.

Nimekiweka kwenye droo ya vijiko.
Mavyaa hukiona kila siku.
Hukisogeza kwa ncha ya kidole,
achukue kijiko,
akoroge chai yake.