Mbwa Amefungwa

Ndahani, kaka yangu, kaa hapo hapo barazani,
kwenye upepo. Nitakuletea kigoda na uji.
Usinikunjie uso. Nisikilize kwanza.

Unamkumbuka mbwa wetu kule Mvumi,
aliyelinda zizi mpaka wazimu ukamshika,
akawaacha fisi wapite, akageukia ndama,
akiwararua miguu ya nyuma?
Ndivyo ilivyo damu yangu.
Daktari anaita baridi yabisi.
Vidole hivi, vilivyokata zabibu misimu kumi na tisa,
vilishindwa na kifungo cha blauzi.

Sasa nachoma sindano kila baada ya wiki mbili.
Inalala kwenye jokofu, jirani na nyanya.
Umeme ukikatika naihamishia kwenye chupa yenye barafu,
mbio, kama mama mwenye mtoto wa degedege.
Inamfunga mbwa. Asubuhi najifunga kanga mwenyewe.
Lakini mbwa akifungwa, kaka,
nani atamzomea fisi?

Walinipiga picha ya kifua kabla ya kuanza.
Wakakuta kifua kikuu kimelala humo,
pengine tangu enzi za bibi,
tulipolala watano ngozi moja.
Miezi sita nimemeza vidonge kisiamke.
Wakapima na homa ya ini.
Chanjo zenye kijidudu hai, nisiguse bila kuwauliza.
Maziwa ya kibuyu, yale mabichi unayonibebea,
nayachemsha, Ndahani. Nisamehe,
nayachemsha mpaka yanapoteza kwao.

Mfamasia, binti wa Kondoa, akaniuliza,
"Na kingine unachotumia?"
Nikasema hakuna.
Kisha nikafungua pindo la kanga kutoa nauli,
ukadondoka unga wa mizizi aliotuma mkeo.
Hakucheka. Alinusa, akaandika.
"Sijui hii ikikutana na sindano itafanya nini," akasema,
"na kutojua huko ndiko kunanitisha."

Leo umekuja na begi, na kikohozi cha wiki tatu.
Unasema ni vumbi la Dodoma.
Pengine ni vumbi.
Kesho alfajiri, kabla ya kupiga mswaki,
utatema makohozi kwenye kikopo hiki,
twende zahanati, tukipishana hatua kumi.
Usiku utalala kwa Mbeleje, ana chumba chenye madirisha mawili.
Nimeshamwambia kila kitu.

Najua. Hakuna dada wa Kigogo
anayemzuia kaka yake mlangoni.

Kunywa, uji usipoe.
Nimeusonga mwenyewe,
kwa mkono huu.